Mama wa Kijapani Aliyevalishwa Kanga

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Nimeanza tena kuandika. Sisi Wamoravian hatuna kile kibanda cha kuungamia cha Wakatoliki, na mke wangu Vaileth hawezi kusikiliza dhambi mpaka mwisho bila kunikatiza. Basi naungama hapa.

Dhambi ya wiki: uongo. Mmoja tu, lakini umeshiba.

Jana baada ya ibada wakwe watarajiwa walitusimamisha nje ya kanisa. Papa Adolphe na mkewe, Mama Thérèse, Wakongo wa Bukavu. Kijana wao Gires anataka kumwoa binti yetu Atupele. Kijana mzuri. Baba ndiye tabu. Alitueleza sebule yao yote tukiwa tumesimama kwenye baridi hii ya Waingereza. Viti vya ngozi. Kabati la vioo kutoka dari hadi sakafu. Saa ya ukutani inayoimba. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kwetu kukoje.

Nikamwambia sisi hatupendi makuu. Tuna picha moja tu ya Kijapani, ya zamani, imechapwa kwa mkono.

Vaileth alinikanyaga. Nikaongeza kwamba ni kubwa.

Wanakuja Jumamosi kuzungumza mambo ya posa.

Hatuna picha ya Kijapani. Tuna doa. Doa la ukungu, jeusi, juu ya kochi, ukubwa wa sinia la pilau. Nalipaka rangi, linarudi. Mwenye nyumba anasema kosa ni letu, tunachemsha sana vyakula.

Picha ya Kijapani ninayoijua iko Kingsbury, nyumbani kwa Mama Hansa. Sijalala vizuri.

Jumanne, 3 Novemba

Kazini kwa Mama Hansa. Ni Mhindi wa Moshi, mjane, magoti yamemchoka. Kampuni ya wasaidizi hunituma kwake asubuhi kumsaidia kupanda na kushuka ngazi, kufagia, kumnunulia vitu. Amenipa ufunguo wa mlango. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha binti yangu, anayenielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza.

Marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa kanga. Enzi hizo kanga nyingi zilitengenezwa Japani, kwa hiyo walikaa mji wa Kobe, yeye akiagiza viwandani na kupakia melini kuja kwetu. Huko ndiko alikonunua picha nne. Ziko kwenye korido, gizani, kwa makusudi, maana jua hula rangi zake. Mama Hansa amenieleza zinavyofanywa. Wanachonga ubao, wanaupaka rangi, wanaugandamiza kwenye karatasi. Kila rangi na ubao wake. Anasema ni kama kanga za zamani za kugonga kwa mkono.

Hakuna mfalme wala vita ndani yake. Wanawake tu na kazi zao. Mmoja anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba. Mmoja anafunga chandarua. Mmoja anaanua nguo na mvua inakuja. Wa nne ndiye mkubwa. Ametoka kuoga, amekaa mkekani ananyonyesha, na mtoto ameshika ziwa la pili kwa mkono kama vile anaogopa kuibiwa.

Leo Mama Hansa hakuwa na raha. Mwanawe Pradip amepiga tena simu kutoka Croydon. Anataka ahamie kwake. Anasema nyumba hii ni kubwa kwake, ni ya zamani, ina ngazi. Anatafuta sababu moja tu ya maana. Nilikuwa namfunga kamba za viatu aliponiambia:

“Lusajo, kwenye nyumba hii nimeingia kwa miguu. Nikitoka, nitoke nimebebwa.”

Nikasema Mungu atasaidia. Macho yangu yalikuwa kwenye korido. Nilipima kwa mikono nilipokuwa nafuta vumbi. Wa sindano, mdogo. Wa chandarua, mdogo. Anayefunika doa langu lote ni mmoja, mwenye maziwa nje.

Jumatano, 4 Novemba

Nimeazima. Naliandika neno hili nikijua silo.

Mama Hansa alikwenda hekaluni na wenzake, lile basi dogo la wazee lilimchukua. Nilimshusha mama wa Kijapani kutoka kwenye msumari, nikamwingiza ndani ya foronya kubwa ya blanketi. Pengo likabaki ukutani, linanitazama. Nikatundika hapo koti lake refu la baridi. Korido ni giza. Nikajiambia koti na picha havina tofauti kubwa.

Kwenye basi la kurudi Wembley aliingia askari. Alikaa kiti cha mbele yangu, akavua kofia, akala ndizi. Bibi mmoja wa Kizungu akauliza nimebeba nini. Nikasema kioo. Akasema niangalie, kioo kikivunjika ni mikosi ya miaka saba. Nilimwomba Mungu anitoe kwenye basi lile hata kwa dirishani.

Doa limefunikwa barabara. Nilikaa nikamtazama yule mama. Yeye hanitazami. Anamtazama mtoto wake tu. Ingekuwa heri angenitazama.

Alhamisi, 5 Novemba

Vaileth amerudi kutoka zamu yake hospitali na kuiona. Sikupewa salamu. Aliniuliza kama nimerukwa na akili. Kwetu Tukuyu mkwe wa kike na baba mkwe hawapiti njia moja. Akimwona kwa mbali anaingia migombani. Sasa Atupele na Papa Adolphe wakae kochi moja chini ya ziwa la mtu?

Kweli. Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa natazama doa.

Atupele alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba ni mama ananyonyesha mtoto, tatizo liko wapi. Tukamwambia hajui mila. Akapandisha mabega akaenda zake.

Kuirudisha siwezi, doa litabaki uchi badala yake. Nikaona dawa ni kumvalisha. Kuna doti ya kanga nyekundu aliyoletewa Vaileth na dada yake kutoka Mbeya, bado ina lebo. Nikakata kona yenye pindo. Ndogo tu, haionekani mtu akiikunja vizuri. Kwanza nilikibandika kile kipande juu ya kioo kwa selotepu. Mama akawa kama mtu aliyefungwa bandeji baada ya ajali. Nikaona ufundi ni kukipitisha ndani, kati ya kioo na karatasi. Nikafungua fremu kwa kisu cha siagi, nikakilaza taratibu, nikafunga.

Mungu nisamehe, alipendeza. Kanga ilikaa kifuani kama amejitanda mwenyewe.

Vaileth alitazama, akaniambia kanga ile haijafuliwa hata mara moja. Nilijua ananilaumu kwa kukata kitu kipya. Nikamwahidi doti nyingine.

Kisha milio. Moja, mbili, mingi, nje pande zote. Nilizima taa nikajilaza nyuma ya kochi. Ni zile fataki za Waingereza za kila Novemba. Miaka tisa nipo hapa na bado nilidhani wamenifuata kwa ajili ya picha.

Ijumaa, 6 Novemba

Mama Hansa ameuliza kwa nini koti lake liko korido. Nikasema linapigwa upepo. Akasema koridoni hakuna upepo. Nikasema ndiyo maana linachukua siku nyingi.

Pradip anakuja Jumapili, tena na mtu wa kukagua nyumba. Mama Hansa alinieleza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Chai yote iliishia kwenye sosa.

Nyumbani, Vaileth amechemsha makongoro ya ng'ombe na maharage kwa ajili ya kesho, madirisha yamefungwa. Ndani ya kioo cha picha kuna matone madogo. Nikafurahi. Nikajiambia si ametoka kuoga.

Jumamosi, 7 Novemba

Naandika usiku, wageni wameondoka.

Walikuja na suti na vitenge. Papa Adolphe alitazama ukuta kabla ya kukaa. Alinyamaza. Mara ya kwanza kumwona amenyamaza. Nilianza kumweleza mambo ya mbao na rangi, kila rangi na ubao wake, kama vile mimi ndiye niliyechonga. Aliitikia kwa kichwa. Nilishiba sifa kabla ya makongoro.

Mama Thérèse yeye hakukaa. Alisogea, akainama, akasogea tena. Amelea watoto sita, huyo. Akageuka kwangu:

“Papa Lusajo, uyu mutoto anapumua namna gani?”

Akasema kwao mama akinyonyesha hakuna anayemfunika, hata mchungaji akiwepo, chakula cha mtoto si aibu. Akasema mtoto ana kitambaa puani. Na kabla sijanyanyuka alikuwa ameshaishika fremu kwa mikono miwili, ameishusha, anaitafutia mlango wa nyuma ili amtoe mtoto.

Doa likatokea. Lote. Limekua tangu Jumatano, sasa lina hadi miguu.

Vaileth alikuwa anatazama makongoro. Atupele alifunika uso, nadhani anacheka, sina hakika. Papa Adolphe alilitazama doa kwa muda mrefu, halafu akasema polepole, bila kunitazama:

“Papa, ile kabati yetu ya vioo, unafikiri iko pale kwa sababu gani?”

Basi tukacheka wote, na posa ikaenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Ningeandika kwamba ni siku njema. Lakini Mama Thérèse alikuwa amekwishaifungua fremu na kuitoa kanga, na kanga ilikuwa imelowa, na ilikuwa imechuja.

Wekundu kifuani pote. Wekundu kwenye shavu la mtoto.

Vaileth alisema aliniambia haijafuliwa. Ni kweli aliniambia.

Jumapili, 8 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Kingsbury kuirudisha kabla ya Pradip. Niliingia kwa ufunguo kama mwizi. Huo si mfano.

Mama Hansa alikuwa jikoni anakaanga vitu kwa ajili ya mwanawe. Nilitoa koti, nikamtundika mama mahali pake, nikachomoa na balbu ya korido nikaitia mfukoni. Ilikuwa bado ya moto. Nilikuwa naelekea mlangoni ulipofunguka. Pradip, na mtu mwenye mkoba, na huyo wa mkoba ana tochi. Wakaguzi wote wana tochi. Sikulifikiria hilo.

Mwanga ulipita kwenye sindano, kwenye chandarua, kwenye nguo, ukafika kwa mama ukasimama. Pradip akasogea. Alimwita mama yake kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, na Mama Hansa alitoka jikoni bila miwani, mikono ina unga. Akauliza kuna nini. Pradip akamwambia picha imeharibika.

Mama Hansa alimtafuta yule mtoto kwa kidole juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayepapasa swichi. Halafu alitueleza, kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu yangu. Pradip alizaliwa kule Kobe. Siku za kwanza maziwa hayakutoka. Hakuwa na mama wala dada karibu, alilia yeye na mtoto alilia. Mumewe, mtu wa kuuza nguo, hakujua la kufanya, akatoka akarudi na picha hii. Akaitundika mbele ya kitanda. Alimwambia atazame, huyu naye yuko peke yake na ameweza.

Pradip ana kipara na miwani ya ofisi. Alikuwa anatazama sakafu.

Halafu akaniuliza mimi. Kwa adabu. Imekuwaje?

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, Bwana. Neno moja tu. Nikafungua mdomo na nikasikia mtu anasema: ni unyevu. Korido hii ina unyevu sana.

Mtu wa mkoba aligonga ukuta, akaandika. Pradip alimgeukia mama yake akamwambia basi, nyumba hii si ya kuishi mtu mzima, mwisho wa mwezi atakuja kumchukua. Alikuwa ameitafuta sababu mwaka mzima. Nimempa mimi, bure.

Mama Hansa alipangusa unga mikononi. Kitu kiliungua jikoni.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimemkuta anafunga sufuria zake kwenye magazeti. Nikamsaidia. Ndiyo, nilimsaidia. Kila sufuria niliyoifunga ilikuwa kama naifunga roho yangu, na bado nilifunga vizuri, nikaweka na kamba.

Kisha akaomba nimshushie ile picha. Leo alikuwa na miwani. Aliiweka mapajani karibu na dirisha, na jua au si jua hakujali tena. Akaitazama mpaka nikaishiwa sufuria. Akaniita nikae.

“Mimi nimeuza kanga miaka thelathini,” akasema. “Niambie, Lusajo. Unyevu gani una pindo?”

Nikatazama. Pembeni mwa wekundu, vizuri kabisa, kama limegongwa kwa ubao, kulikuwa na vidoti na korosho mbili za pindo la kanga.

Nililia. Nina miaka hamsini na mbili. Nilimweleza yote, doa, Adolphe, foronya, askari na ndizi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakuniambia amenisamehe. Aliuliza tu kama kanga ilikuwa ya Vaileth, na kama Vaileth anajua. Nikasema anajua. Akasema maskini Vaileth.

Halafu akasema kwamba Pradip hatamwamini yeye, atadhani anatunga ili abaki. Ni mimi wa kwenda.

Jumanne, 10 Novemba

Croydon.

Watu hawajui ninavyoogopa mji huo. Pale ndipo lilipo lile jengo kubwa la uhamiaji. Nilisimama foleni yake miaka ile, kabla ya kupata karatasi zangu, na mpaka leo nikisikia jina la kituo nazihesabu upya. Ofisi ya Pradip iko upande huohuo wa barabara. Nilipita mbele ya jengo nimeshika pasipoti mfukoni, japokuwa hakuna aliyeniuliza. Nilivuka barabara. Nikavuka tena, maana ofisi ilikuwa upande ule niliotoka.

Pradip alinipokea vizuri, akaniletea chai mwenyewe. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilisema haraka, nimesimama, kama mtoto anayesema aya ya Krismasi. Nyumba ya mama haina unyevu. Unyevu ni wa kwangu. Niliichukua picha, nikaivalisha kanga, ikachuja, nikadanganya.

Hakupiga kelele. Alizungusha kalamu mezani mpaka chai yangu ikafanya utando. Akaniuliza kwa nini nimekuja kusema. Nikamwambia maneno ya mama yake, yale ya kutoka amebebwa. Alivua miwani akaifuta. Akasema mama yake hajawahi kumwambia hivyo yeye. Kisha akanyoosha mkono, akaomba ufunguo.

Nikampa. Nimerudi Wembley mikono mitupu, na hofu imenitoka kidogo, kama jino.

Ijumaa, 13 Novemba

Kampuni imepiga simu. Nilijua ni kufukuzwa, nikamwambia Vaileth apokee.

Si kufukuzwa. Mama Hansa habanduki Kingsbury, Pradip amekubali. Kampuni ilimpelekea msaidizi mwingine, akamrudisha siku hiyohiyo. Anasema kwamba mwizi wa kwake anamjua tayari, hataki kuanza na mgeni.

Nilikwenda. Mama wa Kijapani yuko ukutani. Mtaalamu wa karatasi amesema wekundu hautatoka wote, akijaribu sana atatoa na mtoto. Mama Hansa amesema waache, kanga imemkaa. Sikuweza kumtazama yule mama. Niliwafuta vumbi wale wengine watatu.

Sharti la Pradip: kila Jumapili nimpigie simu nimwambie hali ya nyumba, ukweli mtupu. Amesema maneno hayo mara mbili kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili chake kibovu. Nimeapa. Nimeapa kwa Mungu na kwa posa ya binti yangu. Mimi si mtu yule wa wiki iliyopita.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua tangu Ijumaa usiku. Nimetoka kanisani mwepesi kama karatasi, nimekwenda Kingsbury kupiga ile simu nikiwa palepale, ili hata maneno yawe na ushahidi.

Mama Hansa alikuwa amesimama chumbani, kichwa juu. Darini pamelowa. Tone linashuka, linakaa, linashuka. Ameweka beseni. Paa linavuja, kweli sasa, kwa mkono wa Mungu na si wangu. Aliniuliza nitamwambia nini Pradip. Nikamwambia mama, nimeapa. Akaitikia kwa kichwa, akakaa kitandani pembeni ya beseni, akaweka mikono mapajani, mdogo sana.

Nikapiga. Pradip akauliza nyumba ikoje.

Nikasema kavu. Nikasema kavu kama mtama. Akauliza kama na mvua yote hii. Mdomo wangu ukasema ndiyo, kwa sababu paa nimelitengeneza mimi mwenyewe, mimi ni fundi paa kwa kusomea, Mbeya nzima wananijua. Nyuma yangu Mama Hansa aliweka kiganja chini ya tone ili lisilie kwenye beseni.

Pradip alifurahi. Akasema hakujua. Akasema paa la kwake Croydon linavuja wiki ya pili sasa na mafundi hawapatikani, je, Jumamosi naweza kufika?

Sijawahi kupanda paa. Naogopa hata kiti.

Nimemwambia nitakuja na vifaa vyangu.